Ukijikuta ndani ya wingu: namna ya kugeuka na kutoka kwa kutegemea ala

Kila kundi jipya la wanafunzi wa urubani huja na maswali yale yale. Nikiingia kwenye wingu bila kukusudia, nianze na nini? Nigeuke upande gani? Nitajuaje kwamba ala (vipimo vilivyo mbele ya rubani) haijaharibika na kunidanganya? Nikiwa sina idhini ya kuruka kwa ala, ninaruhusiwa kweli kuzitegemea? Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako unayejifunza katika ndege ndogo ya injini moja, mfano wa Cessna 172 yenye ala sita za mviringo, na ambaye bado unaruka kwa kuona nje. Hautakufanya rubani wa mawinguni. Shabaha yake ni kukutoa ulikoingia, kwa mgeuko mmoja wa taratibu, ndege ikiwa bado mikononi mwako.

Swali la mwisho lijibiwe kwanza, kwa sababu huwafanya wengine wasite wakati wa kusita umepita. Kinachokatazwa ni kuingia mawinguni kwa kukusudia bila idhini wala kibali. Ukishaingia kwa bahati mbaya, ala zilizo mbele yako ndizo pekee zenye habari za kweli, na unapaswa kuzifuata bila kuona haya.

Kwa nini mwili wako hauaminiki

Nadharia itakuwa fupi. Ndani ya sikio mna mirija yenye majimaji yanayoupa ubongo habari za kuzunguka. Mgeuko ukiendelea kwa mwendo usiobadilika kwa sekunde 20 hivi, majimaji hayo hutulia na ubongo huamini kwamba umeacha kugeuka, na ndege ikiinama polepole mno, hayasikii chochote tangu mwanzo. Ukiwa unaona ardhi, macho hurekebisha kosa hilo bila wewe kujua. Wingu likifunika kioo, hakuna wa kulirekebisha isipokuwa ala.

Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani kiliwapima marubani 20 ambao hawakuwa na uzoefu wa kuruka kwa ala. Wote 20 walipoteza udhibiti wa ndege, kwa wastani wa sekunde 178 tangu waache kuona nje, na 19 kati yao waliishia katika mzunguko wa kuzama ambao hukaza kadiri rubani anavyovuta usukani. Watu hao hao walipofundishwa utaratibu wa hatua kwa hatua, karibu kila jaribio lilifanikiwa. Tofauti, basi, ilikuwa utaratibu.

Wala si lazima kuwe na wingu. Tarehe 16 Julai 1999, John F. Kennedy Jr., mwana wa rais wa zamani wa Marekani, ambaye hakuwa na idhini ya kuruka kwa ala, alianguka baharini karibu na kisiwa cha Martha's Vineyard, Marekani, usiku wenye ukungu mwepesi, na wachunguzi walisema alipotelewa na hisia ya juu na chini. Anayevuka bahari usiku kutoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar, au anayefuata pwani kuelekea Lamu usiku usio na mwezi, achukulie kwamba yumo katika hali hiyo hiyo hata kama taarifa ya hali ya hewa inasema anga ni safi.

Unachohitaji kabla ya kuondoka

- Mkufunzi mwenye idhini na kofia ya kukinga macho yasione nje. Hatua zilizo hapa chini hazijaribiwi peke yako, na kamwe hazijaribiwi katika wingu halisi.
- Ala zilizokaguliwa. Jairo (magurudumu yanayozunguka kwa kasi ndani ya baadhi ya ala) zinahitaji kama dakika tano baada ya injini kuwaka ili zifikie kasi yake, kwa hiyo usizihukumu mapema. Wakati wa kutaksi (kutembeza ndege ardhini), geuka kidogo kushoto na utazame: kionyesha mgeuko kiiname kushoto, kigololi kilicho chini yake kikimbilie kulia, namba za dira ya jairo zipungue, dira ya sumaku izunguke bila kukwama, na upeo bandia (ala inayoonyesha jinsi ndege ilivyoinama) ubaki umetulia.
- Altimita (kipima kimo) iliyowekwa shinikizo la hewa la siku hiyo na la mahali hapo. Linganisha inachosoma na kimo cha uwanja kinachojulikana, na tofauti ikizidi futi 75 rudi hangarini. Kila hektopaskali moja uliyokosea ni karibu futi 30 za kimo ambacho huna.
- Mrija wa pitoti (unaopokea hewa ya mbele kwa ajili ya kipima mwendo) na matundu ya hewa tuli (yanayopeleka shinikizo la hewa ya nje kwenye ala) yaliyo wazi. Nyigu hujenga haraka katika mrija usiofunikwa, na utepe uliosahauliwa baada ya kuosha ndege si jambo dogo: tarehe 2 Oktoba 1996 ndege ya Aeroperú namba 603 ilianguka na watu 70 kwa sababu matundu yake yalikuwa yamezibwa kwa utepe.
- Saa yenye mshale wa sekunde, au inayohesabu sekunde.
- Kimo salama cha kila kipande cha safari, kimeandikwa kwenye karatasi ya gotini: mlima mrefu zaidi ulio karibu na njia yako, ongeza futi 1,000, au 2,000 mahali pa milima.
- Nguvu ya injini unayoizoea. Ujue ni mizunguko mingapi inayoipa ndege yako mwendo wa kawaida ikiwa kimo hakibadiliki, maana kipima mwendo kikifa utaishi kwa namba hiyo.

Kanuni nazo zikae kichwani. Chini ya futi 10,000, katika anga nyingi, anayeruka kwa kuona anatakiwa aone umbali wa kilomita 5, akae mita 1,500 mbali na wingu kwa upande na futi 1,000 kwa juu au chini. Aliyeshika masharti hayo hushtuka mapema. Waliojikuta ndani wengi wao walikuwa wameanza kuyapunja kidogo kidogo dakika kumi nyuma.

Hatua zenyewe

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate hadi mwisho. Umeondoka Wilson, Nairobi, ambako uwanja uko karibu futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Ni asubuhi ya Julai, msimu ambapo wingu la chini hukaa juu ya jiji hadi jua likolee. Unaelekea Bonde la Ufa kwa mwelekeo wa nyuzi 240 za dira, yaani kusini-magharibi, kimo futi 7,500, mwendo noti 90 (maili za baharini kwa saa), na mbele yako Milima ya Ngong, ambayo kilele chake kiko kwenye mita 2,460, yaani zaidi ya futi 8,000, imeanza kufifia.

1. Amua upande wa kugeukia kabla hujauhitaji. Kila unapokaribia wingu au mlima, jiulize ni upande gani ardhi inashuka. Katika mfano wetu, kulia kwako ni kaskazini, ambako ardhi inapanda kuelekea Kikuyu na Limuru, na Limuru yenyewe iko juu ya futi 7,000. Kushoto ni kusini na kusini-mashariki, ambako ardhi inashuka kuelekea nyanda za Kajiado. Jibu ni kushoto, na linapaswa kuwa tayari kabla kioo hakijawa cheupe. Kumbuka pia kwamba mgeuko huu unakusogeza upande huo karibu kilomita mbili kabla haujakamilika, kwa hiyo bonde jembamba halifai.

2. Tafuta mwelekeo wa kurudia, nao uuhesabu ungali nje. Kama mwelekeo wako ni 180 au zaidi, toa 200 kisha ongeza 20: 240 inakuwa 040, kisha 060. Kama ni chini ya 180, ongeza 200 kisha toa 20: 070 inakuwa 270, kisha 250. Hesabu hii ni nyepesi hata kwa mtu aliyeshikwa na hofu. Andika 060 kwenye karatasi.

3. Kioo kikifunikwa, usigeuke. Hatua hii ndiyo wanafunzi wengi huiruka, nayo ndiyo yenye uzito kuliko zote. Peleka macho kwenye upeo bandia, weka mbawa sawa, weka alama ya ndege kwenye mstari wa upeo, uache ndege itulie kwa sekunde chache. Anayeanza kugeuka akiwa bado anatafuta wingu linakoishia huingia katika mgeuko asiojua ukubwa wake.

4. Legeza mkono. Shika usukani kwa vidole viwili na kidole gumba. Rekebisha trimu (kidhibiti kinachoondoa uzito kwenye usukani) mpaka ndege ishike kimo bila kusukumwa wala kuvutwa. Ndege ndogo iliyorekebishwa trimu vizuri inaruka vyema kuliko rubani aliyeingiwa na kiwewe, na nguvu unayoitia kwenye usukani ndiyo inayoiyumbisha.

5. Usiguse nguvu ya injini bila sababu. Kama injini yako ina kabureta, fungua hewa ya moto, kwa kuwa unyevu wa wingu unaweza kugandisha barafu ndani ya kabureta hata Ikweta. Washa joto la pitoti kama lipo.

6. Anzisha mzunguko wa macho. Kitovu ni upeo bandia: kutoka hapo nenda kwenye altimita, rudi; nenda kwenye dira ya jairo, rudi; nenda kwenye kipima mwendo, rudi; kila mara kadhaa pitia kionyesha mgeuko na kipima kupanda na kushuka. Ni macho ya mama anayepika huku mtoto akitambaa karibu na jiko: yanakwenda kwenye sufuria, lakini hayakosi kurudi kwa mtoto. Usikae kwenye ala moja zaidi ya sekunde moja au mbili.

7. Tazama saa, kisha inamisha ndege kushoto polepole. Mgeuko wa kawaida ni nyuzi 3 kwa sekunde, hivyo nyuzi 180 huchukua dakika moja kamili. Mwinamo unaohitajika ni takribani asilimia 15 ya mwendo halisi hewani. Kwenye futi 7,500, noti 90 za kipima mwendo ni karibu noti 105 za kweli, kwa hiyo mwinamo ni nyuzi 15 au 16. Hakikisha kwa kionyesha mgeuko: ubawa wa ndege ndogo iliyochorwa humo uguse alama ya kushoto, na kigololi kikae katikati. Usizidishe. Mtu hutamani kuinamisha nyuzi 30 ili atoke upesi, na hapo ndipo pua huanza kuanguka bila yeye kuhisi.

8. Linda kimo wakati wa mgeuko. Mwinamo mdogo kama huu unadai mvuto kidogo mno wa usukani. Ukiona altimita inashuka, tazama kwanza mwinamo kabla ya kuvuta, kwa kuwa mara nyingi kimo kinapotea kwa sababu mbawa zimeinama kuliko ulivyokusudia. Kipima kupanda na kushuka huchelewa sekunde kadhaa, hivyo usikifukuze.

9. Anza kunyoosha mbawa kabla ya kufika. Nusu ya mwinamo inatosha: ukiwa na nyuzi 15, anza nyuzi 7 au 8 kabla, yaani dira inaposoma 068 hivi. Legeza ule mvuto mdogo ulioongeza, la sivyo ndege itapanda.

10. Shika 060, mbawa sawa, na usubiri. Muda wa kutoka hulingana na muda uliokaa ndani kabla ya kugeuka. Ulioupoteza ukisitasita utaulipa hapa. Usishuke kutafuta ardhi.

11. Sasa zungumza. Kurusha ndege ndilo la kwanza, kujua unakoelekea la pili, kuongea la tatu. Mwambie mwongoza ndege kwamba umeingia mawinguni, kwamba huna idhini ya kuruka kwa ala, mwelekeo wako na kimo chako. Ukiona mambo yanakushinda, tangaza dharura bila kusubiri kuulizwa, na uweke namba ya dharura 7700 kwenye transponda (kifaa kinachoijibu rada). Kama hujui ni nani wa kuzungumza naye, masafa ya dharura ni megahezi 121.5.

Liko jambo moja linalobadilisha utaratibu huu. Kama kuna mlima mrefu kuliko wewe pande zote mbili, au umo ndani ya bonde ambalo kilomita mbili za upana hazipo, mgeuko unaweza kukupeleka ukutani. Hapo weka nguvu yote ya injini, shika mbawa sawa, panda kwa mwendo wa kawaida wa kupanda hadi kimo salama ulichokiandika, huku ukimweleza mwongoza ndege. Hali hiyo inaamuliwa ardhini, ramani ikiwa mezani.

Makosa yanayojirudia

Kosa kubwa ni kukodolea ala moja. Mwanafunzi anaona altimita imesogea futi 100, anaing'ang'ania hadi irudi, na anapoinua macho mwelekeo umeshahama nyuzi 40. Ndugu wa kosa hilo ni kusahau ala moja kabisa, na inayosahauliwa zaidi ni dira ya jairo mara tu baada ya kunyoosha mbawa.

Dira ya jairo yenyewe huteleza taratibu. Ilinganishe na dira ya sumaku kila dakika 10 hadi 15, ukiwa umenyooka na mwendo haubadiliki. Usiilinganishe ukiwa katika mgeuko au ukiongeza kasi, maana wakati huo dira ya sumaku ndiyo inayokosea.

Kosa jingine ni kugeuza kichwa. Kuinama kuokota kalamu au kugeuka nyuma kutazama ramani ukiwa katika mgeuko huchanganya majimaji ya sikio kwa namna inayoweza kukufanya uhisi unabiringika. Kalamu ikianguka, iache.

Na wengi, baada ya kutoka katika mgeuko, huhisi kwamba sasa ndege imeinama upande wa pili ingawa ala zinaonyesha mbawa sawa. Hisia hiyo ni ya kawaida na inaweza kudumu dakika kadhaa. Kaa ukiwa umeinamisha bega ukitaka, ila mbawa zibaki sawa.

Mambo yakienda kombo

*Mwendo unapanda, kimo kinashuka, kionyesha mgeuko kimelala upande mmoja.* Umeingia mzunguko wa kuzama. Punguza nguvu ya injini, nyoosha mbawa, kisha inua pua taratibu, kwa mpangilio huo huo. Ukivuta usukani kabla ya kunyoosha mbawa unakaza mzunguko na unaweza kuivunja ndege.

*Mwendo unashuka, pua iko juu.* Ongeza nguvu, shusha pua hadi mstari wa upeo, halafu nyoosha mbawa. Hapa pua inatangulia mbawa kwa kuwa hatari iliyo karibu ni ndege kupoteza mbeo (nguvu ya hewa inayoibeba).

*Upeo bandia na kionyesha mgeuko havikubaliani.* Tazama geji ya mfyonzo (nguvu ya kunyonya hewa inayozungusha jairo). Katika Cessna 172 nyingi zenye ala za mviringo, upeo bandia na dira ya jairo huendeshwa na pampu ya mfyonzo, ilhali kionyesha mgeuko huendeshwa na umeme. Pampu ikifa, jairo hazisimami ghafla. Hulala polepole na kumvuta rubani pamoja nazo. Ukiona geji iko chini ya mkanda wa kijani, funika ala hizo mbili kwa karatasi ili macho yasizirudie. Geuka kwa kionyesha mgeuko hadi kiguse alama, hesabu sekunde 60, nyoosha. Usijaribu kusimamisha mgeuko kwa kufuata dira ya sumaku: makosa yake ya mgeuko ni madogo karibu na Ikweta, nayo kusini hugeuka kinyume na vitabu vingi vilivyoandikwa kaskazini, kwa hiyo saa ni ya kuaminika zaidi. Dira hiyo isome ukishanyooka.

*Kipima mwendo kimeanguka hadi sifuri, lakini pua, kimo na sauti ya injini havijabadilika.* Pitoti imeziba. Usisukume pua. Weka nguvu uliyoizoea, shika upeo, washa joto la pitoti. Kama mrija umeziba pamoja na tundu lake la kutolea maji, kipima mwendo kitatenda kama altimita: kitaonyesha mwendo ukiongezeka kadiri unavyopanda, na anayekiamini huinua pua hadi ndege ipoteze mbeo. Pitoti iliyoziba ndiyo iliyowapotosha marubani wa ndege ya Birgenair namba 301 tarehe 6 Februari 1996 huko Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, wakafa watu 189.

*Altimita imeganda na kipima kupanda na kushuka kimekaa sifuri hata unapopanda.* Matundu ya hewa tuli yameziba. Fungua chanzo mbadala cha hewa tuli, ambacho mahali pake ukipapase ukiwa umefumba macho siku ndege imeegeshwa. Baada ya kukifungua, ndege nyingi ndogo husoma kimo na mwendo juu kidogo kuliko ukweli, basi jiongezee akiba ya kimo.

*Ndege yako ina skrini badala ya ala za mviringo, na alama nyekundu ya msalaba imetokea.* Hamia mara moja kwenye ala za akiba. Utaratibu wa hatua ni ule ule, isipokuwa macho yana safari ndefu zaidi, kwa hiyo fanya mazoezi hayo na mkufunzi skrini ikiwa imezimwa.

*Dakika mbili zimepita tangu ushike 060 na bado ni weupe mtupu.* Wingu limekuzunguka. Usigeuke tena kwa kubahatisha. Panda hadi kimo salama mbawa zikiwa sawa, tangaza dharura kama hujafanya hivyo, na uombe mwelekeo kutoka kwa rada. Ukipewa mwelekeo, ufuate kwa migeuko ya nyuzi 15 au pungufu, na kama umeombwa ubadilishe mwelekeo na kimo kwa pamoja, mwambie utafanya kimoja kwanza.